Sijagusa Kitu, Nimeseva Tu

Kuna maneno ambayo ukimwambia Hyasinta wa Rhotia, jicho lake la kushoto linaanza kucheza lenyewe. Maneno yenyewe ni "sijagusa kitu."

Ana fremu yake pale Karatu, nyuma ya stendi, katikati ya fundi viatu na mama wa supu. Mlangoni kabandika karatasi: TUNAFUNGA MTANDAO, TUNAPRINTI, TUNATOA KOPI. Waifai ya nusu ya malodge unayoyaona ukipandisha kuelekea kreta imepita mikononi mwake. Na kila wanapompigia kwamba mtandao umekufa, sentensi ya pili ni hiyo hiyo. Hawajagusa kitu. Akifika anakuta mtu kachomoa rauta kachomeka pasi. Au rauta imehamishiwa juu ya friji, kwa sababu pale ilipokuwa "ilikuwa haipendezi." Hawajagusa kitu, bana. Imehama na miguu yake.

Sasa kwa faida ya wale ambao waifai kwao ni paswedi tu: rauta ni kama mpishi mgeni. Unamfundisha asubuhi nzima: hapa chumvi, pale sufuria, wageni wanapita huku, wafanyakazi wanapita kule. Anashika vizuri kabisa. Lakini kuna rauta ukishaifundisha usiposeva, yaani usipoiambia itunze, umeme ukikatika na kurudi haikujui hata jina. Na hata ukiseva, mtu akiibonyeza kale katobo ka nyuma inasahau yote, inarudi kama ilivyotoka kiwandani, tupu kama kichwa cha mtu aliyeamshwa saa tisa. Kwa hiyo fundi mwenye akili anachukua mipangilio yote, anaitoa nje kama faili, anaitunza pembeni. Hiyo ndiyo bakapu. Siku rauta ikisahau, unairudishia faili lake, inakumbuka.

Hyasinta hilo jambo kaligeuza dini. Ukikutana naye njiani, kabla hajakusalimia vizuri: "Umeseva?" Ndio maana mjini wanamwita Mama Seva, na mtoto hana. Bado.

Bado, kwa sababu hata uchumba ulikuwa unasuasua. Mchumba anaitwa Tajewo, kijana wa Endulen, dereva wa watalii, mrefu kama nguzo ya simu. Walikutana alipokuja kuprinti karatasi ikakwama kwenye mashine, akakaa kusubiri, na mpaka leo hajaondoka. Miaka miwili kila familia inasema "tutapanga." Wairaqw wa Rhotia wanasema Wamasai ndio waje. Wamasai wa Endulen wanasema tutakuja mvua ikikata, halafu ng'ombe wakirudi, halafu mvua ikinyesha. Mwishowe ikapatikana Jumamosi moja. Wazee watano wa Endulen, wakiongozwa na baba yake Tajewo, mzee Senteu, wangeteremka na Noah ya kukodi, wapite geti la Lodoare, la kutoka hifadhi ya Ngorongoro, wafike Rhotia mchana na dumu la asali.

Utaratibu ulikuwa umekubaliwa na pande zote mbili, maana kila upande ulikuwa na wasiwasi na mwenzake. Kijana mwenyewe haji, anasubiri kwao. Baba mzazi wa binti hasemi. Anayesema ni baba mdogo. Na kabla asali haijafunguliwa, binti anaitwa mbele ya watu, anaulizwa swali moja: hawa wageni unawajua? Akisema anawajua, dumu linafunguliwa, wote wanalamba, mambo yameanza. Asipotokea, dumu linarudi lilikotoka na kifuniko chake, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Mzee Senteu alishasema wazi kwamba yeye dumu hilo hatalipandisha gari mara mbili. Ana watoto wengine wa kiume.

Hyasinta alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda nyumbani kwao, kichwa katikati ya magoti ya jirani, anasukwa. Upande wa kulia ulishakwisha, mistari safi kama shamba la vitunguu kule Eyasi. Upande wa kushoto ulikuwa bado umesimama, nywele zimekasirika.

Simu ikaita. Mama Angelina. Huyu ana lodge kule juu ukingoni, ndani ya msitu, mahali ambapo mtandao wa simu haufiki. Kupiga simu lazima utoke mpaka kwenye kona ya barabara, kwenye bango lenye picha ya faru, na usimame upande wa pembe. Kwa hiyo ukiona Mama Angelina anapiga, jua katembea.

"Hyasinta mwanangu, mtandao umekufa."

"Shikamoo mama. Umekufaje?"

"Marahaba. Umekufa tu. Mashine ya kadi haisomi, wageni wanataka kuondoka hawawezi kulipa, na kundi lingine linaingia jioni kutoka Serengeti. Nimemuuliza Vedasto, anasema hajagusa kitu."

Jicho likacheza.

"Mama, leo ndiyo posa yangu."

"Najua, mwanangu, hongera sana. Mepukori yuko hapo sokoni na gari ananunua karoti. Anakupitia."

Akakata. Sasa hapo mtu mwingine angezima simu, akaendelea kusukwa. Hyasinta akapiga hesabu. Bakapu zipo. Siyo moja, tatu. Yeye mwenyewe aliagiza. Kupanda, kurudishia faili, kuseva, kushuka. Wageni wanafika mchana. Anakunywa na chai katikati.

"Dakika kumi tu, mama," akasema, tayari kasimama, kitana kimening'inia.

Mama yake, Martha, alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini taratibu, vile wanavyoweka wakina mama wanapotaka dunia nzima ione.

"Kumi za nani?"

"Bakapu ziko tatu, mama."

"Mimi niliomba Mungu binti, kanipa fundi waya. Wageni wakija niwaonyeshe nini? Kigoda?"

"Nitawahi."

"Na hicho kichwa?"

Hyasinta akachukua kitenge, akapiga kilemba, akatoka. Mama yake akabaki anamwambia jirani kwamba kama ni bakapu, bora angezaa wa pili wa akiba.

Mepukori, dereva wa lodge, ni mtu wa Endulen pia, rika moja na Tajewo. Kwa hiyo kwake Hyasinta ni shemeji tangu siku ile karatasi ilipokwama. Kilemba kile kilimfanya ashindwe kukaa kimya.

"Shemeji, hicho kilemba kimeinama upande. Kuna nini humo?"

"Endesha gari, Mepukori."

"Upande mmoja umesukwa, upande mwingine bado?" Akacheka mpaka karoti zikatikisika nyuma. "Sawa tu. Upande wa Rhotia uko tayari, upande wa Endulen unasubiri mvua."

Karibu na Lodoare walipishana na Noah nyeupe inashuka, imejaa mashuka mekundu. Mepukori akapiga honi na kupunga mkono. Hyasinta akainama chini ya dashibodi kama mtu anayetafuta hereni. Wamewahi! Wazee wa Kimasai walioahidi mchana, wanafika asubuhi! Miaka miwili wanachelewa, leo ndiyo wanawahi.

"Ni wao?" akauliza kutoka chini.

"Ni wao. Mzee Senteu yuko mbele. Kashikilia dumu kama mtoto mchanga."

Walifika lodge kwenye ukungu. Vedasto, kijana wa mapokezi, alikuwa amesimama kando ya rauta na tai yake, mikono mbele, kama mtu aliyefika msibani na hajui marehemu ni nani.

"Vedasto, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, dada."

"Vedasto."

"Nimebonyeza tu."

"Umebonyeza nini?"

"Kale katobo."

Hyasinta alifumba macho. "Katobo kanabonyezwa na nani?"

"Na mimi. Kwa kijiti cha meno. Mtandao ulikuwa unasuasua, mgeni mmoja akaniambia kwao huwa wanafanya hivyo, unashikilia mpaka taa zicheze. Zikacheza, dada. Zilicheza vizuri sana."

"Haya. Sijakasirika." Alikuwa amekasirika. "Ndiyo maana tuna bakapu. Fungua kompyuta."

Faili lilikuwepo, pale pale alipoagiza, na jina lile lile alilolitoa: MPANGILIO. Akalifungua. Faili la lodge hii lilikuwa refu kama barabara ya Mbulu: vyumba, jikoni, mashine ya kadi, antena ya juu ya paa inayozungumza na mnara wa ng'ambo. Hili lilikuwa na mistari ya kuhesabika, kama barua ya mtoto wa chekechea. Jina la rauta: lile la kiwandani. Wageni: hakuna. Antena: hakuna.

Akaangalia limesevwa lini. Leo asubuhi.

"Vedasto. Leo uliseva kabla ya kubonyeza katobo, au baada?"

"Baada."

"Kwa nini baada?"

Vedasto akamshangaa kweli kweli. "Dada, si wewe ulisema kila asubuhi kabla ya chai? Hata mbingu ikianguka? Nikaona mbingu imeanguka, nikasema ngoja niseve haraka kabla mambo hayajaharibika zaidi."

"Mashine haikukuuliza kitu?"

"Iliniuliza. Kuna faili lenye jina hili, nilifute la zamani niweke jipya? Nikasema ndiyo. Mimi siyo mtu wa kubishana na mashine."

"Flashi?"

"Niliweka na kwenye flashi." Akaitoa mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa safi. "Na kwenye kompyuta ya Mama Angelina. Zote mpya kabisa. Za leo."

Jamani. Mtu kaseva utupu. Kautunza utupu sehemu tatu, kaufunga na kitambaa.

Na ubaya ni kwamba huwezi hata kumfokea. Mwaka jana Vedasto alikuwa hasevi kabisa, radi ikapiga, Hyasinta akamsema mbele ya wapishi mpaka mkate ukaungua. Tangu siku hiyo Vedasto kaokoka. Hajakosa asubuhi hata moja. Angekuwa mvivu kidogo tu, kama zamani, leo kungekuwa na faili la jana, Hyasinta angekuwa njiani kurudi. Bidii ndiyo imeua.

"Na wewe mwenyewe, dada, si unayo?" Vedasto akauliza kwa upole.

Swali zuri. Laptopu yake ya zamani ilikufa wakati wa masika na kila kilichokuwamo. Kulikuwa na akiba yake ya mtandaoni, lakini mwezi uliopita iliandika IMEJAA, na yeye alitaka nafasi ya picha za sare, mishono thelathini na kitu ya vitenge. Akaona folda moja imeandikwa LODGE ZA ZAMANI. Akafuta. Mama Seva. Kafuta.

"Usiniulize maswali," akamwambia Vedasto.

Vyumba na jikoni angeweza kuvipanga upya kwa kichwa. Kilichomshinda ni antena. Ile ina paswedi yake ya kuongea na mnara, ndefu, imewekwa na fundi mwingine ambaye siku hizi yuko Dodoma anafuga kuku. Bila hiyo, unaweza kupanga mpaka kesho, rauta itakuwa inaongea na kuta.

"Mepukori," akaita. "Nipeleke kwenye bango."

Kwenda kwenye bango la faru huendi peke yako, kuna nyati. Mepukori alitangulia na rungu lake. Simu ya kwanza ikaenda kwa fundi wa Dodoma. Haipatikani. Ya pili kwa watu wa mnara. Sauti ya dada mmoja ikamwambia simu yake ni muhimu sana, kisha ikamwekea muziki. Akakaa na muziki mpaka nusu ya salio ikaisha. Huko Rhotia wazee watano walikuwa wamekaa sebuleni wanaangalia kigoda.

Hapo, akiwa amesimama upande wa pembe, ndipo alipokumbuka kituko.

Miaka miwili nyuma, siku alipofunga ile rauta, alitaka kumtumia Vedasto faili lile kwa Wasap. Kidole kikateleza, likaenda kwenye kundi la ukoo. Watu sabini na ushee, mashangazi, mapadri, watoto wa Mbulu, wote wakapokea mpangilio wa rauta. Binamu zake walimcheka wiki nzima. Na chini yake baba mdogo Remigius, ambaye huitikia kila kitu kinachotumwa humo, alikuwa ameandika: Amina.

Akafungua kundi. Akapanda juu, juu, juu, misiba na harusi zinapita. Lile pale! Akaligusa. Simu ikamwambia faili halipo tena, amwombe aliyelituma alitume upya.

Aliyelituma ni yeye.

Alitoa ukelele mmoja, Mepukori akainua rungu akidhani ni nyati.

"Nini, shemeji?"

"Naambiwa nijiombe!"

Simu yake ilikuwa mpya, ndiyo shida. Alihitaji mtu mwenye simu ya zamani, asiyefuta kitu. Na katika ukoo mzima mtu huyo ni mmoja. Simu ya baba mdogo Remigius ina kila ua la "Jumatatu njema" lililowahi kutumwa Tanzania. Ina video za mahubiri za tangu enzi hizo. Inachukua muda mrefu kuwaka kuliko trekta. Kila Krismasi Hyasinta humwomba, "Baba mdogo, futa, utaua simu," naye hujibu, "Kitu mtu kakutumia kwa upendo unakifutaje?"

Akampigia. Na baba mdogo, siku hiyo, ndiye alikuwa msemaji wa posa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba! Ndiye huyu! Wageni wetu, binti yuko hewani!"

"Baba mdogo, usiweke spika."

"Nimeshaweka. Uko wapi?"

"Niko Ngorongoro."

Mtu akakohoa Kimasai.

"Yaani," akasema baba mdogo polepole, "wageni wametoka Ngorongoro kukufuata wewe, na wewe umekwenda Ngorongoro. Mlipishana wapi?"

"Kuna kazi imeniharibikia. Baba mdogo, unakumbuka kitu nilituma kwenye kundi, mwaka juzi, kimeandikwa Kiingereza kimechanganyika na namba?"

"Ile sala?"

"Siyo sala."

"Niliiitikia Amina."

"Ndiyo hiyo. Naomba uitafute unitumie sasa hivi."

Sauti nzito ikauliza nyuma, "Binti anataka nini?"

"Anataka sala, mzee Senteu."

"Hiyo ni vizuri," ikasema ile sauti, kwa mashaka kidogo.

Ikaanza safari. Hyasinta amesimama kwenye ukungu, Mepukori anaangalia vichaka, na huko Rhotia baba mdogo anapanda kundi kwa kidole kimoja, anatangaza vituo.

"Nimefika ubatizo wa mtoto wa Fabian."

"Rudi nyuma zaidi."

"Nimefika msiba wa shangazi. Ee, tazameni wageni, huyu ndiye shangazi, alikuwa mtu mwema..."

"Baba mdogo!"

"Usinifokee, nina wageni. Nimepita msiba. Hapa kuna mbuzi anauzwa. Mzee Senteu anauliza kama bado yupo."

"Ni wa mwaka juzi, baba mdogo!"

"Nimemwambia. Anasema mbuzi mzuri."

Simu ya Hyasinta ikatetema. Limekuja! Akafungua. Ua jekundu, limeandikwa JUMAMOSI NJEMA YENYE BARAKA.

"Siyo hilo!"

"Hilo nimeongeza tu, umesikika una hasira. Ngoja." Akapumua. "Hii hapa. Amina yangu hii hapa chini. Natuma."

Likaingia. Likafunguka. Refu kama barabara ya Mbulu. Antena, paswedi, vyumba, jikoni, vyote. Hyasinta karibu alibusu bango la faru.

"Asante baba mdogo. Asante sana. Sasa niulizeni hapo hapo. Wageni nawajua! Nimesema, nawajua!"

Sauti nzito ikasogea karibu na simu. "Binti."

"Shikamoo baba."

"Mimi sijaona mtu. Nimesikia redio." Haikuwa na ubaya, ilikuwa inasema tu ilivyo. "Geti linafungwa saa kumi na mbili, na sisi tunalala kwetu. Tutakunywa chai ya mama yako. Tukimaliza chai, tutaondoka na dumu letu."

Simu ikakata. Salio limekwisha.

"Chai ya mama yako," akasema Mepukori, "inanyweka kwa muda gani?"

Shemeji alishaanza kukimbia, na nyati wajiangalie wenyewe.

Lodge, Vedasto alikuwa ameshamchomekea waya na kumpangusia kiti. Hyasinta alipandisha faili. Rauta ikafikiri. Ikazima taa zote. Ikawasha moja. Ikawasha mbili. Ya antena ikawa nyekundu, ikakaa nyekundu, ikakaa nyekundu tena kwa makusudi, ikawa kijani. Mashine ya kadi ikalia. Mgeni mmoja kwenye kochi akapiga makofi, hajui kwa nini.

"Dada, paswedi yangu inakataa," akasema Vedasto.

"Faili ni la mwaka juzi. Tumia paswedi ya mwaka juzi."

"Ile ya jina la yule mbwa?"

"Ile."

Akaseva. Akatoa faili nje, akaliandika jina na tarehe. Halafu, ingawa kila kiungo kilikuwa kinataka kuwa garini, akamshika Vedasto bega.

"Kila siku jina jipya, na tarehe yake. Ikikuuliza ufute la zamani, unasemaje?"

"Ndi..."

"Vedasto!"

"Hapana. Nasema hapana."

"Na katobo?"

"Katobo sikajui, dada. Sijawahi kukaona."

Mama Angelina alikuwa anakuja na sahani ya keki ya posa. Hyasinta akachukua kipande akikimbia, mdomo umejaa shukrani na keki.

Mepukori aliteremsha lile gari kama amebeba mgonjwa. Nusu ya njia, tembo dume katikati ya barabara, anakuna mgongo kwenye mti, hana posa popote. Hyasinta alimsema tembo yule kwa Kiiraqw, Kiswahili na lugha ya rauta. Tembo akamaliza kujikuna, akaingia porini kwa wakati wake mwenyewe.

Walipoliona geti, jua lilikuwa limeshuka. Upande wa pili, Noah nyeupe ilikuwa imefika, imeelekeza pua kwenye kizuizi. Kupanda.

"Simamisha! Simamisha!"

Alishuka gari halijasimama. Akapita kizuizi kwa miguu, askari wa geti anaita "dada, dada," nyani wa pale wanageuza shingo. Mlango wa Noah ukafunguka, na wa kwanza kushuka alikuwa baba mdogo Remigius mwenyewe, na koti la posa, simu mkononi. Nyuma yake mama, na chupa ya chai.

"Niliwaambia nawasindikiza," akasema baba mdogo. "Chai ilipokwisha nikawaonyesha picha. Zote. Wameona mpaka kipaimara chako. Mzee Senteu kaniomba niache."

Mzee Senteu alishuka taratibu, dumu mkononi. Mrefu, mwembamba, uso hausemi kitu. Akasimama mbele ya Hyasinta. Na Hyasinta alijua kinachofuata, Tajewo alimfundisha: kwa mzee wa Kimasai kijana anainamisha kichwa, mzee anakigusa. Akainamisha. Kilemba, ambacho kilikuwa kinasubiri nafasi tangu asubuhi, kikaanguka.

Mama yake akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo.

Mzee Senteu akatazama mistari safi ya kulia. Akatazama msitu wa kushoto. Akanyoosha mkono, akaugusa upande wa kushoto.

"Huku bado," akasema.

"Bado, baba. Kazi iliniita."

"Iliharibika, ukaitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

"Itaharibika tena?"

Hapo angeweza kudanganya. Lakini siku ilikuwa imemchosha mno kuwa na uongo. "Itaharibika, baba. Inaharibika kila mara. Wanasema hawajagusa kitu."

Kitu fulani kikatembea usoni kwa mzee. "Nina watoto tisa," akasema. "Najua hayo maneno."

Askari wa geti akaja na funguo mkononi. "Wazee wangu, nafunga. Mnaingia au mnabaki?"

Baba mdogo akajikohoza, akavuta koti, akasimama rasmi kabisa katikati ya barabara, kati ya Noah na nyani. "Binti yetu Hyasinta. Hawa wageni, unawajua?"

"Nawajua," akasema Hyasinta. Na kwa kuwa huwa haachi kazi nusu: "Nawajua. Nawajua. Mmesikia wote? Na askari umesikia?"

"Nimesikia dada, nafunga geti."

Dumu likafunguliwa juu ya boneti. Wakalamba haraka haraka kwa kidole, mzee mmoja mmoja, mama, baba mdogo, Mepukori aliyekuja kusimamia upande wa rika, hata askari wa geti akapewa. Mepukori kwa mkono mmoja analamba, kwa mkono mwingine anamtishia nyani kwa rungu. Nyani alipata kifuniko tu, akaondoka nacho akakilambia juu ya bango la bei.

"Picha!" akasema mama, machozi na asali. "Baba mdogo, piga picha, uweke kwenye kundi!"

Baba mdogo akainua simu, akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. "Inasema imejaa." Akamgeukia Hyasinta, mnyenyekevu kwa mara ya kwanza tangu kaka yake amzae binti huyu. "Mwanangu, umekuwa ukiniambia siku zote. Leo nakubali. Nifute nini?"

"Baba mdogo," akasema Hyasinta, na jicho la kushoto likaanza, "usiguse kitu."